Nilivyoosha kibuyu cha kambo kwa Javel, nusura nizamishe mémoire ya yaya Masika

Wakuu, naomba nafasi kidogo.

Mimi ni wa kusoma tu humu. Miaka miwili napita kwenye nyuzi zenu, nacheka peke yangu, natoka bila kuacha hata alama. Leo naandika.

Daftari langu liko magotini hapa. Kilichomo ndicho nitakachowaambia. Ambacho sikukiandika siku ile, sitakitunga leo. Nimegeuza majina tu.

Niko Lubumbashi, nina miaka kumi na saba, niko cinquième, mwaka wa tano wa sekondari, section biochimie. Kiswahili cha kuandika nimejifunza kwenu humu na kwenye vitabu. Cha kusema ni kile cha kwetu, nusu kimelala kwa Kifaransa. Watu wa nyumbani nikiwanukuu nitawaacha waseme vile wanavyosema. Mtuvumilie: "njo" yetu ni ndiyo, "mu" ni katika.

Kingine mkijue mapema: mimi ni mwenye haya. Mgeni akija akiniuliza jina, Papa ndiye anajibu. Anasema, "Hii radio yetu iko na coupure, ngojea courant irudie." Yaani umeme umekatika, wangoje urudi. Wote wanacheka. Na mimi nacheka, ila kwa ndani.

Ndiyo maana naandika daftari. Kila siku, tangu nikiwa na miaka kumi na moja.

Haya, twende.

Mwaka wa kisa hiki vitu vilikuwa vinaanguka kwa zamu. Mashariki ya nchi vita ilikuwa inameza miji. Kwetu hapa risasi haikufika, lakini vita ilikuwa inatufikia kwa vipande. Leo fulani kakosa simu ya ndugu yake, kesho familia nzima imeshuka uwanja wa ndege wa Luano na mifuko ya plastiki. Wakati huohuo malori ya unga wa mahindi yalikwama mpakani, na mnajua sisi bila bukari, ugali wetu, ni kama hatujala. Walimu wetu wakaweka chaki chini. Umeme ulikuwa unakuja kama mgeni wa heshima, unakaa kidogo, unaaga.

Kipande kimoja cha vita kilichotufikia ni yaya Masika; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Baba yake ni mfanyabiashara wa jumla kutoka upande wa Butembo, anauza maharage, na Papa wangu ndiye aliyekuwa anambebea mizigo miaka na miaka. Mambo yalipochafuka akampakia binti yake kwenye ndege, yeye akabaki kulinda depo. Tulienda kumpokea Luano. Akatoka na begi moja mgongoni, na laptop kifuani, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Siku hiyo ndiyo ya mwisho simu ya baba yake kuita.

Alipewa kitanda changu. Mimi nikahamia godoro la chini, chumba cha kambo. Kambo ndiyo nyanya, bibi mzaa mama. Hicho kitanda mkikumbuke, nitakirudia.

Yaya Masika alikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia. Campus ya Kasapa, chuo kikuu cha hapa, ikampokea kwa muda, kwa sababu karatasi zake zote zilibaki kule. Masharti yalikuwa hivi: akitoa mémoire yake, ile tasnifu ya kumalizia masomo, tarehe iliyowekwa, mwaka unahesabiwa. Asipoitoa, ni kama hajasoma kitu. Na alikuwa hana kingine, wakuu. Nyumba kule hajui kama imesimama, baba hajui kama yuko. Ile mémoire ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani.

Kwenye jalada la daftari zake kuliandikwa biologie des systèmes, biolojia ya mifumo.

Nilikaa wiki nzima natamani kuuliza ni nini. Mdomo ukakataa. Mwishowe nikaandika kwenye kikaratasi, "Yaya, biologie des systèmes ni nini?" nikakiweka juu ya laptop yake, nikakimbia.

Jioni nikakikuta kwenye godoro langu. Nyuma yake kaandika, "Kesho uvae viatu, tuende."

Shule yangu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilienda.

Darasa lilikuwa limejaa, umeme hakuna, madirisha wazi. Wanafunzi watatu watatu wanachungulia syllabus moja ya fotokopi. Nilikaa nyuma kabisa. Prof akaingia, mzee mwembamba, shati lina chaki hadi kwenye viwiko. Akachora duara kubwa ubaoni. Akasema hiki ni kijidudu kimoja cha tumboni, kile kile mnachotembea nacho sasa hivi.

Halafu akaanza kuchora mishale.

Nitawaeleza kwa kadiri nilivyoelewa. Kijidudu hiki kinapenda sukari ya kawaida. Ikiwepo, hakijisumbui kutengeneza vifaa vya kula sukari ya maziwa. Sukari ya kawaida ikiisha na ya maziwa ikiwepo, basi ile sukari ya maziwa yenyewe ndiyo inafungua kufuli, vifaa vinaanza kutengenezwa. Ikiisha, kufuli linajifunga. Kila mshale unatoka kwa mmoja unaenda kwa mwingine, unazunguka, unarudi ulikotoka. Kando yake Prof akaandika hesabu. Na ile hesabu, ukiifuata, inakwambia kabla ni lini kufuli litafunguka.

Shuleni biolojia tunakata chura, tunataja majina ya vipande. Hapa mtu anauliza vipande vinaambiana nini. Na anajibiwa na hesabu!

Prof akageuka, akauliza mkuu wa seli ile yuko wapi: "Sasa muniambie. Mu hii cellule, chef iko wapi?"

Kijana mmoja karibu na mlango akasema, "Prof, chef iko mu mission Kinshasa."

Darasa lote likaanguka kwa kicheko. Prof mwenyewe akacheka hadi akashika meza. Alipotulia akasema pole pole: "Muangalie muzuri. Hakuna chef. Kila kamoja kanasikiliza jirani yake tu. Njo vile yote inasimama."

Wakuu, nywele zilisimama.

Mwaka ule kila mkubwa niliyemjua alikuwa anauliza nani anaongoza hii nchi. Kwenye foleni ya unga, kanisani, kwenye redio. Na mimi nimekaa pale nyuma, natazama mkono wangu mwenyewe. Ndani yake mamilioni ya vitu vidogo, hakuna hata mmoja anayejua kwamba mimi nipo, hakuna anayetoa amri, na mkono unafunga, unafungua, unashika kalamu.

Daftari langu siku hiyo lina sentensi moja tu: "Sikujua kwamba ninaishi ndani ya kitu kikubwa namna hii, na kitu hicho ni mimi."

Msinicheke. Ndivyo nilivyoandika.

Baada ya wiki kama tatu, pigo likaja. Yaya Masika alikuwa anafanya kazi na vijidudu alivyohifadhi kwenye freezer ya maabara moja ndogo mjini. Sitaitaja, hawakuwa na kosa. Courant ikakatika siku sita mfululizo. Jenereta ikaishiwa mafuta. Aliporudi nyumbani alikuwa na kisanduku cha plastiki kinachonuka. Kazi yake yote imekufa mle ndani. Akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, hata viatu hakuvua.

Kambo alikuwa anapika munkoyo. Akamjazia kikombe cha ile ya juzi. "Kunywa kwanza, mwana wangu. Kulia kunaomba maji."

Kwa wasioijua, munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Kambo anapika uji mzito wa mahindi, mzito hadi mwiko unasimama wima wenyewe. Anauacha upoe mpaka aweze kuzamisha kidole na kuhesabu hadi tano bila kuungua. Hiyo ndiyo thermomètre yake. Halafu anatwanga mizizi ya munkoyo hadi iwe nyuzinyuzi, anaitia, anakoroga.

Na pale ndipo uji unayeyuka.

Nimeona maisha yangu yote, sikuwahi kushangaa. Yaya Masika wa Butembo hakuwa ameona. Alikuwa anakunywa huku machozi yanatoka, macho yake yakaangukia chungu. Dakika chache nyuma mwiko ulisimama mle. Sasa umelala, na uji unateleza kama maji ya mto.

"Kambo, uliongeza maji?"

"Maji ya wapi? Robinet iko kavu tangu asubuyi."

Yaya akasimama. Akachukua mwiko, akainua, akaangalia jinsi uji unavyodondoka. "Ni enzyme," akasema, kama anajisemea. "Iko mu muzizi."

Kambo akasema, "Ita namna unapenda. Mie naita muzizi."

Kisha kambo akaimimina ndani ya kibuyu chake. Kibuyu kirefu, cheusi, shingo imefungwa waya. Akasema kesho itakuwa tamu, keshokutwa itakuwa chachu. Yaya akauliza nani anaifanya chachu. Kambo akapiga kibuyu kofi dogo, kama unavyompiga mtoto mgongoni. "Huyu."

Siku ya pili yaya Masika alikwenda Kasapa kwa miguu, mwendo mrefu kweli, kumwambia Prof kwamba amepata mfumo usiohitaji freezer. Alirudi na darubini ya zamani ya kuonea vijidudu, ile ya kioo cha chini kinachokamata jua. Hata umeme haiombi.

Hapo ndipo na mimi nikapata kazi. Yaya aliona daftari langu siku moja, nje tu, hakulifungua. Akaniuliza kama naandika kila siku. Nikatikisa kichwa ndiyo. Akasema, "Basi weye njo secrétaire. Kila kintu uandike na saa yake. Bila saa, haina maana."

Mara tatu kwa siku tulichovya kikaratasi cha kupimia uchachu, kile kinachobadilika rangi kutoka njano hadi ya machungwa. Tukapima joto. Tukaweka tone chini ya darubini, yaya akahesabu, mimi nikaandika.

Siku ya kwanza aliniacha niangalie. Nilifumba jicho moja, mwanga ukaja, halafu nikaona. Vijiti vidogo, vingine vimeshikana mikono. Viduara viwili viwili. Na vikubwa kidogo, mviringo, vingine vina kijitoto kinachoota ubavuni, hiyo ndiyo hamira. Mji mzima, jua la Lubumbashi limepita kati yake. Na hilo lilikuwa tone moja. Kambo anakunywa vikombe viwili kwa kutwa.

Mama hakufurahi sana. Unga ulikuwa wa kutafutwa kwa shida, sisi tunautia kwenye kibuyu. Lakini munkoyo inajaza tumbo, akatuachia.

Kila siku mbili chungu kipya, kibuyu kile kile. Yaya akaweka yote kwenye mistari sita ya hesabu, laptop akichaji kwa jirani mwenye panneau ya sola. Kwenye kioo, mstari wa hesabu ukaanza kupita karibu na nukta za vipimo vyetu. Alianza hata kuimba akifua.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Kipindupindu kilianza mtaa wa tatu kutoka kwetu. Wahudumu wa afya wakapita na kipaza sauti: osheni vyombo vyote kwa Javel, ile dawa ya klorini, vyote, msiache. Asubuhi ile Mama alikwenda kutafuta unga. Kambo alikuwa na mama wenzake wa kanisa. Yaya alikuwa amekwenda Kasapa. Mimi peke yangu nyumbani, na Mama kaniambia nifanye kama walivyosema.

Nikaosha ndoo, vikombe, sufuria. Nikafika kwenye kibuyu, kitupu, kinangoja chungu kipya.

Kambo hamruhusu mtu kukigusa. Yeye mwenyewe anakisuuza kwa maji matupu na kukiinamisha kivulini, basi. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nikakinusa, kinanuka. Nikawaza kipindupindu. Nikamimina Javel, nikatikisa, nikakianika juani.

Nisome daftari neno kwa neno:

"Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nimemaliza ndoo, nimeanza kibuyu cha kambo. Javel vifuniko viwili. Sasa kinanuka usafi."

Na chini yake, nilipopumzika:

"Saa tatu na nusu. Nimechoka na Masika. Anakoroma kwenye kitanda changu na kila mtu anamwonea huruma. Nataka arudi kwao."

Kwao, wakuu. Nilijua vizuri kabisa kwao kulikuwaje.

Chungu kilichofuata kiligoma. Siku ya tatu munkoyo bado tamu, imelala, karatasi haitaki kwenda rangi ya machungwa. Chini ya darubini mji umehama, vimebaki vijiti vichache vinavyorandaranda.

Mwanzoni sikuunganisha. Kusema kweli niliunganisha, ila nilijifanya sijaunganisha.

Yaya akashuku mahindi. Akashuku mizizi. Akashuku karatasi zake zimezeeka, akachovya moja kwenye ndimu, ikageuka papo hapo. Karatasi ziko sawa. Basi akaanza kushuku hesabu yake. Akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine, akafuta. Chungu cha pili nacho kikagoma.

Kambo akasema yeye anajua shida. Alitukusanya mezani mchana, wote watano, bukari imepoa mbele yetu. "Munkoyo inakataa nyumba yenye bantu banafichana. Mwenye kuwa na kintu mu roho, akitoshe." Yaani akitoe nje.

Papa akakohoa. Akasema aliyekula ule mkia wa samaki uliopotea Jumapili hakuwa paka.

Mama naye akasema kuna sukari kidogo ameificha ndani ya kofia ya kanisani, kwa ajili ya siku mbaya.

"Na hii ya leo ni siku gani?" Papa akauliza.

Yaya Masika akasema yeye anaficha kwamba kila asubuhi anapiga namba ya baba yake, na kila asubuhi anaomba isiite. Kwa sababu ikiita na akapokea mtu mwingine, atajua. Kambo akamshika mkono.

Kisha macho yakaja kwangu.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Na Papa, kwa huruma tu, akasema: "Ah, ile radio iko coupure. Tupite."

Wakapita.

Nimewaza sana juu ya neno lile moja. Miaka yote mzaha ule ulikuwa unanichoma, siku hiyo nikajificha ndani yake kama ndani ya shimo.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta yaya amepiga pasi sketi yake kwa pasi ya makaa. Mezani kuna barua. Kwa Prof. Anashukuru, anaomba radhi, anajiondoa. Hesabu zake hazishiki ukweli, na tarehe ya kutoa mémoire imekaribia. Atakwenda Kasapa kumkabidhi mkononi, halafu atatafuta lori la kwenda Zambia, labda huko kuna kazi.

Ningeweza kuandika kikaratasi. Nilikaa nacho hata, kitupu. Lakini kikaratasi kingesema "nimeosha" na ningeweza kukipamba. Kuchana ukurasa kutoka daftarini nako ningeweza, ila saa na kiasi vilikuwa pale, na chini yake ile sentensi nyingine, karatasi moja, huwezi kutoa moja ukaacha nyingine bila kukata kwa mkasi. Mkasi nilikuwa nao. Niliushika.

Nikauweka chini. Nikalichukua daftari zima, nikalifungua pale, nikampa.

Akasoma. Nilikuwa natazama vidole vyake vya miguu.

Alifika mwisho wa ukurasa, najua, kwa sababu kichwa kilisimama. Kikakaa pale kidogo. Halafu kikarudi juu.

"Saa tatu na dakika kumi," akasema. "Uko certain?"

Nikatikisa kichwa ndiyo.

"Kifuniko ya chupa kubwa ao ya kadogo?"

Nikaonyesha kwa vidole. Kubwa.

"Ulisuuza na maji mara ngapi?"

"Moja," nikasema. Ilitoka kama kikohozi.

Akakaa. Akaigeuza ile barua ya kujiondoa, na nyuma yake akaanza kuchora mishale. Kibuyu. Mizizi. Uji. Mshale mpya mnene unaopiga kibuyu, juu yake kaandika saa. Alikuwa anachora haraka, anapumua kama mtu aliyekimbia.

"Prof anatuambia kila wiki," akasema bila kuinua macho. "Kama unapenda kujua mufumo, uisukume, kisha uangalie inarudia namna gani. Mi niliogopa kuisukuma. Kambo angeniua." Halafu akacheka, kicheko kibovu cha mtu ambaye hajalala. "Weye uliisukuma na vifuniko viwili."

Kuhusu sentensi ya pili hakusema kitu. Hata nusu neno.

Kambo nilimwambia mwenyewe, yaya akiwa kanishika bega. Hakupiga kelele. Alikichukua kibuyu, akaingiza pua kwenye shingo, akakaa hivyo. Kisha akakiweka mapajani.

"Hii kibuyu ilitoka kwa mama yangu," akasema.

Basi. Ningependa angenipiga.

Tuliendelea, chungu baada ya chungu, kibuyu kile kile. Siku kumi na sita. Na wakuu, hapa ndipo nataka mnielewe.

Mji ulirudi.

Hakuna aliyeuleta. Chungu cha tatu baada ya Javel, uchachu kidogo. Cha nne, zaidi. Yaya akatafuta wakazi wake wametoka wapi. Wengine walikuja na mizizi yenyewe. Wengine, akawakuta kwenye mwiko wa kambo, ule wa mbao wenye nyufa, ambao siku ile nilisahau kuuosha kwa sababu ulikuwa umechomekwa kwenye dari la jikoni. Ndani ya ufa mmoja wa mti, wakimbizi. Ndilo neno alilolitumia yaya.

Siku moja adhuhuri akaniita. Kwenye laptop kulikuwa na nukta zangu, kila moja na saa yake, mwandiko wangu umegeuka kuwa nukta. Zilikuwa zinapanda, halafu zinaporomoka ghafla saa tatu na dakika kumi, halafu zinapanda tena taratibu. Akasema, "Sasa uangalie." Akabonyeza. Mstari wa hesabu, uliotoka kwenye mistari sita ile ile ya mwanzo aliyokuwa ameifuta na kuirudisha, ukatembea kutoka kushoto. Ukaporomoka pale ziliporomoka. Ukapanda nazo. Ukapita katikati yao kama uzi ndani ya shanga.

Hesabu yake haikuwahi kuwa na kosa. Ilikuwa inakosa mshale mmoja, na ule mshale nilikuwa nimeukalia mimi.

Niligusa kioo. Nilihisi kama kanisani.

Lakini kitu kimoja nisikifiche. Chungu cha mwisho kambo alikionja, akazungusha mdomoni, akameza. "Iko muzuri," akasema. "Lakini si ya mama yangu tena." Tukaweka tone chini ya darubini. Viduara vilikuwa vingi kuliko vijiti, kinyume cha zamani. Mji umerudi, umesimama, unachachua vizuri kabisa. Ila waliokaa ndani ni wengine, na wamepata mpangilio wao.

Ulimi wa kambo na darubini vilisema jambo moja siku moja. Kati ya yote niliyoyaona mwaka ule, hilo ndilo ninalolirudia zaidi.

Siku ya kutetea mémoire tulikwenda wote. Kambo kavaa kitenge cha kanisa. Umeme hamna, yaya akachora mchoro wake mkubwa kwenye karatasi za ufungaji zilizogundishwa. Alisema vizuri, sauti haikutetemeka. Mwishoni mmoja wa walimu waliomsikiliza akainua ukurasa. Akasema yote yanasimama juu ya saa moja tu, saa ya kuosha. Nani anathibitisha saa hiyo?

Yaya Masika akageuka kunitazama. "Secrétaire wangu iko pale. Njo mwenye kuosha."

Vichwa vyote vikageuka. Nilisimama, sijui kwa miguu ya nani.

"Saa tatu na dakika kumi," nikasema. "Asubuhi. Vifuniko viwili."

Nyuma yangu nikasikia Papa anamnong'oneza Mama, "Courant imerudia."

Alipita. Karatasi yake ya Kasapa anayo. Na wiki mbili baadaye simu ikaita yenyewe, namba ya nchi nyingine, na alikuwa baba yake, depo hana tena, sauti anayo.

Daftari langu lilikaa kwa Prof kama kiambatisho, liliporudi nikalifungua ukurasa ule. Chini ya "Nataka arudi kwao," kwa mwandiko mwembamba wa yaya, kwa kalamu ya bluu:

"Na mie. Siku ile, saa tatu na nusu, nilikuwa mu njia ya Kasapa nawaza kurudi kwetu."

Aliweka na saa.

Somo langu sijui kama ni la kisomi. Nilidhani kunyamaza ni kutokuwepo. Kumbe ukimya wangu nao ulikuwa mshale kwenye ule mchoro, unasukuma watu ambao hawauoni, na wao wanashuku mahindi yao, na mizizi yao, na akili zao. Mwakani namaliza humanités, yaani sekondari, na fomu ya Kasapa nimeshajua nitajaza nini.

Sasa niwaulize, wakuu. Kwenu kuna chombo gani ambacho bibi hataki kioshwe kwa sabuni? Cha togwa, cha mtindi, cha pombe ya ndizi? Mliwahi kukiosha? Ikawaje? Niandikieni hapo chini, nitajibu kila mmoja.

Na tafadhali, mkikumbuka, muweke na saa.